Maji ya mto ni ya wote, mtambo je?

Wakulima wakija kwangu Likasi kuniuliza bei ya turbini, mimi huwauliza kwanza: shamba lile ni la nani? Wengine hukasirika. Hudhani mzee anawakwepa au anatafuta njia ya kupandisha bei. Wamekuja na urefu wa maporomoko kwenye kikaratasi, wamechanga pesa za mahindi msimu mzima, na mimi ninawahoji habari za ardhi kana kwamba mimi ni karani wa kadasta. Nimekuwa fundi wa mitambo tangu ujanani. Chuma kikivunjika ninakiunga, lakini sina moto wa kuungia mkataba ambao haukuandikwa.

Niseme mapema ninachoamini. Katika teritori yetu ya Kambove, mtambo mdogo wa umeme wa maji uliojengwa na wapangaji kwenye shamba la kukodi, bila haki yao kuandikwa kwenye hati ya shamba hilo, ni mali ya mwenye shamba siku ileile saruji inapokauka. Na ofisi inayotoa kibali cha umeme bila kuuliza hati hiyo inamsaidia kuupata mtambo huo bure.

Huku kwetu umeme wa maji si jambo la kujifunza kwa wageni. Mtambo wa Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ulianza kazi mwaka 1930 ili kuendesha viwanda vya kampuni ya shaba ya Union Minière. Koni ukafuata chini yake mwaka 1950. Ziwa Tshangalele, ambalo samaki wake wanauzwa Kapolowe kando ya barabara kuu, halikuwepo kabla ya ukuta wa Mwadingusha. Ni bonde lililozamishwa. Juzi hapa mtambo huo ulirekebishwa kwa fedha za mradi wa shaba wa Kamoa-Kakula ulio upande wa Kolwezi, ukarudi mwaka 2021 na uwezo wa megawati 78. Sina kinyongo na shaba, kwa kuwa ndiyo iliyonilisha na kunisomeshea watoto. Lakini ukitembea vijijini kati ya Kambove na Lufira utapita chini ya nyaya nene zinazovuma, kisha jioni utakula bukari kwa mwanga wa tochi. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 48, inasema haki ya kupata nishati ya umeme imehakikishwa. Mwanakijiji akiyasikia hayo hutazama juu, kwenye nyaya, halafu hukutazama wewe.

Ndiyo maana watu wameanza kutazama vijito. Na hesabu ya kijito haina siri. Lita 100 za maji kwa sekunde zikianguka mita 10 zinabeba karibu kilowati 10. Ukitoa zinazopotea kwenye bomba, kwenye turbini na kwenye jenereta, zinabaki kama 6. Kilowati 6 hazitayeyusha shaba, lakini ukigawa wati 50 kwa kila nyumba umewasha nyumba 120. Turbini yenyewe inaweza kutengenezwa hapa hapa: mapanga yake hukatwa kutoka bomba la chuma, yakapangwa kati ya sahani mbili za duara na kuchomelewa. Hata pampu ya kawaida, ukiyaelekeza maji kinyume, inafanya kazi ya turbini, na mota yake inageuka jenereta. Tatizo la kweli la ufundi ni mwezi wa Oktoba, kabla mvua haijarudi, kijito kinapopungua. Hilo nalo lina dawa: pima maji mwezi huo, usipime Februari ukajidanganya.

Dawa ya ardhi ni ngumu zaidi.

Kuna ferme moja, shamba kubwa lenye hati, upande wa Lufira ambayo sitaitaja. Mwenye hati anakaa mjini. Wanaolima ni familia zilizokodi vipande, na kodi yao ni magunia ya mahindi kila baada ya mavuno. Hawana karatasi yoyote ila daftari la msimamizi, ambalo wao wenyewe hawajawahi kulifungua. Nyuma ya mashamba hayo kuna kijito kisichokauka na mteremko mzuri. Walichanga, wakachimba mfereji kwa majembe wakiufuata mgongo wa kilima, wakajenga kibanda cha matofali ya kuchoma, na mimi nikafunga mashine. Ilipowaka kinu cha kusagia kilianza kazi, vijana wakafungua kibanda cha kuchaji simu, na akina mama waliacha kubeba mahindi kichwani hadi barabarani kutafuta kinu cha mafuta.

Mwenye ferme alikuja kutazama. Alifurahi kweli, akapeana mikono na kila mtu, akanunua mbuzi. Msimu uliofuata kodi ilipanda, kwa kuwa, alisema msimamizi, shamba sasa lina umeme. Msimu wa pili aliwatumia ujumbe kwamba mtambo ni sehemu ya konsesyo yake, yaani ardhi aliyopewa na Serikali kwa hati, na ambaye hakubali yuko huru kuondoka na jembe lake. Walikwenda kwa chefu wa kijiji. Chefu akawaambia kwa upole kwamba ardhi ile waliomtangulia waliiachia zamani, na yeye hawezi kuirudisha kwa maneno. Walikwenda kwa mwanasheria. Huyo aliisoma nakala ya hati mstari kwa mstari, na hakukuta popote neno moja juu yao. Leo wanalipia umeme wa mfereji waliouchimba wenyewe.

Simlaani mtu yule. Alichofanya ni kile ambacho karatasi zake zinamruhusu, na hapo ndipo mjadala unapopaswa kuanza.

Watu wengi, hata baadhi ya watumishi wa Serikali, hudhani kwamba mwenye ferme ana mto unaopita kwenye ferme yake. Hana. Sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo ulio chini ya kila mto na kila ziwa ni milki ya umma ya Serikali, uwe mto wa kupita merikebu au kijito cha kuvuka kwa kuruka. Maji yenyewe ni ya Serikali na matumizi yake ni ya wote. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 haikumpa mwenye shamba mto. Kwa hiyo mpangaji akichota au akiomba kibali cha kutumia nguvu ya maji, haombi mali ya mwenye ferme.

Lakini mtambo hauelei juu ya maji. Mfereji unapita kwenye ardhi. Tanki la kutuliza maji linakaa kwenye ardhi, kama bomba, kibanda na nguzo za nyaya. Hapo sheria ileile inageuza uso. Ibara yake ya 219 inasema umiliki wa kitu kilichojengwa na kushikamana na ardhi, ukitazamwa mbali na ardhi hiyo, hauwezi kuthibitishwa kisheria ila kwa kuandikwa kwenye cheti cha usajili cha konsesyo. Soma tena polepole. Mlango upo: mtu anaweza kuwa na kibanda chake juu ya konsesyo ya mwingine. Ila mlango huo uko ndani ya ofisi ya msajili wa hati za ardhi, na ufunguo ni karatasi ya mwenye ferme. Bila maandishi hayo unaweza kuleta mashahidi kijiji kizima, na risiti za saruji, na picha zako ukiwa umeshika sururu. Cheti kitasimama peke yake na kitashinda.

Njia ya mfereji na nyaya nayo ina mahali pake katika sheria hiyo. Haki ya shamba moja kupitisha kitu kwenye shamba jingine inaweza kuwekwa kwa makubaliano, ikaandikwa, ikabaki hata shamba likiuzwa. Ni jambo la kawaida kwa wanasheria. Kwa wakulima wetu ni kama halijatungwa, maana sijakutana na mpangaji aliyewahi kuambiwa kwamba anaweza kuliomba.

Sasa tazama muda. Mkulima anayekodi kwa mdomo analindwa, kwa kiasi, na sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ya enzi za Mfalme Leopold wa Pili. Sheria hiyo huhesabu kwamba shamba lililokodishwa bila maandishi limekodishwa kwa muda wa kutosha kuvuna mazao yake. Kwa mahindi ni sawa. Turbini iliyofungwa vizuri na kutiwa grisi inafanya kazi miaka 20 na zaidi, na deni la kuinunua peke yake linaweza kula miaka mitano. Nani atakopesha kikundi ambacho haki yake inaisha gunia la mwisho linaposhonwa? Mwenye konsesyo ya emfiteozi, yaani haki ya muda mrefu juu ya ardhi ya Serikali, kwa upande wake, amepewa na Serikali miaka 25 inayoweza kurudiwa. Yeye anaweza kungoja. Mpangaji hawezi.

Wapo watakaoniambia: rudini kwenye mila, ardhi ni ya mababu, chefu atasuluhisha. Huku Katanga tuna machefu wenye historia ndefu, Bayeke wa Bunkeya na Basanga waliokuwepo kabla yao, na ninawaheshimu. Lakini wao wenyewe wamesimamishwa kwenye ardhi laini. Sheria ya 1973 ilisema, ibara ya 387, kwamba ardhi zinazokaliwa na jamii za vijijini zimekuwa ardhi za Serikali. Ibara ya 389 ikaahidi kwamba haki za wanavijiji juu ya ardhi hizo zitapangwa kwa agizo la Rais. Rais Mobutu, aliyetia saini ahadi hiyo, alikaa madarakani hadi 1997 bila kutoa agizo, na waliomrithi hawakuharakisha. Kizazi kizima kimezaliwa na kuzeeka katika ahadi ya mstari mmoja. Na kwa mpangaji mila ni hafifu zaidi, kwa sababu mara nyingi yeye si mwenyeji. Ametoka Kasai, au ametoka Likasi baada ya kazi kukatika mgodini, na babu yake hakuzikwa kwenye kilima kile.

Jambo moja hunisumbua. Kwa misitu Serikali iliweza: amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inairuhusu jamii ya kijiji kupewa msitu wake kwa jina lake, hadi hekta 50,000. Kijiji kinaweza kushika msitu mkubwa kuliko mji wa Likasi, lakini wapangaji hawana karatasi ya mita kumi za ukingo wa kijito.

Mwaka huohuo wa 2014, tarehe 17 Juni, ndipo ilipotoka sheria ya umeme namba 14/011. Niliipokea kwa furaha. Iliondoa ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la Serikali, ikafungua mlango kwa kampuni binafsi, vyama na vikundi, ikaunda mamlaka ya usimamizi inayoitwa ARE na wakala wa umeme vijijini, ANSER, ikawapa magavana sehemu yao katika miradi midogo ya majimbo. Kaskazini, mtambo wa Matebe kwenye mto Rutshuru umetoa umeme tangu 2015 chini ya mradi wa hifadhi ya Virunga. Kwa hiyo inawezekana. Ila sheria hiyo inamwona mzalishaji, na sheria ya ardhi inamwona mwenye konsesyo. Kati ya hao wawili amesimama mtu mwenye jembe mkononi na bomba begani, na hakuna karatasi inayomuuliza jina.

Juu ya yote hayo, huku Kambove, kuna madini. Karibu kila kilima kina kibali cha utafiti au cha uchimbaji. Kanuni ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtaka mwenye kibali alipe fidia kwa wanaonyimwa matumizi ya ardhi, na akifika mahali pa kulipa thamani yake, aongeze nusu juu. Sasa fikiria mgodi unapanuka na kijito kinaingia ndani ya uzio. Mhesabuji anapita na daftari. Mahindi yataandikwa kwa jina la aliyepanda, hilo nimeliona likifanyika vizuri. Kibanda cha turbini kitaandikwa kwa jina la nani? Mhesabuji ataomba hati, na hati iko mjini.

Majirani wetu wamepita njia hii kabla yetu. Kenya, mradi wa Tungu-Kabiri uliojengwa na wanakijiji wenyewe mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Practical Action, ulitoa kilowati 18. Vikwazo vya sheria ya wakati ule viliufanya umeme uishie kwenye vibanda vya biashara karibu na mtambo, badala ya kuingia majumbani. Mashine nzima, watu wenye moyo, sheria imefunga njia. Tanzania ina sheria ya ardhi ya vijiji, namba 5 ya 1999, inayoipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake na kutoa haki kwa maandishi. Wilayani Ludewa, watumiaji wa umeme wa Mawengi wana chama chao, LUMAMA, kinachoendesha mtambo tangu 2010. Sisemi huko kila kitu ni asali. Nasema huko kuna mtu wa kuandikiana naye karibu na mto, na kwetu mtu huyo yuko mjini na simu yake imezimwa.

Nimewahi kubishana juu ya haya na rafiki yangu mwenye ferme, mtu mwema, anayekodisha kwa bei ya haki. Hoja yake ina uzito. Anasema: mkinilazimisha kuandika haki ya wapangaji kwenye cheti changu, benki itaiona nikienda kukopa, na bei ya shamba itashuka. Basi nitawakataza wasiguse kijito kabisa, na hapo mmepata nini? Ni kweli kwamba baadhi watakataa. Lakini kukataliwa kabla ya kuchimba kunamgharimu mkulima safari moja ya baiskeli. Kunyang'anywa baada ya kuwasha kunamgharimu akiba ya maisha. Tena shamba lenye umeme halipotezi thamani. Mwenye ferme anaweza kuandikiwa sehemu yake waziwazi: kodi ya mahali pa kibanda, umeme wa nyumba ya msimamizi, haki ya kununua mtambo kwa bei ya makadirio mkataba ukiisha. Nilimwambia, tukishaandika, hata wewe utalala. Hakunijibu, lakini ameomba nimtafutie mwanasheria.

Ninachoomba kwa gavana wa Haut-Katanga na wizara yake ya nishati hakihitaji sheria mpya ya Kinshasa. Fomu ya maombi ya mtambo mdogo iwe na ukurasa mmoja wa ardhi: nani ana hati, nani analima, mfereji unapita kwa nani. Kama mwombaji amekodi, aonyeshe makubaliano ya muda usiopungua deni la mashine, na uthibitisho kwamba yameandikwa kwa msajili. Kama hana, kibali kisubiri. Na mwenye ferme anayejenga mtambo wake mwenyewe aulizwe kama kuna wapangaji watakaoondolewa, watahamishiwa wapi na kwa malipo gani. Sheria ya 1973 tayari inamwagiza mtawala wa teritori kufanya uchunguzi kabla ardhi ya vijijini haijatolewa, ili kujua haki za watu wengine juu yake. Uchunguzi huo ufanyike kwa miguu, ukifuata kijito, badala ya kusainiwa ofisini Kambove kwa kalamu na chai.

Wapangaji nao wana kazi yao. Kikundi kisicho na jina kisheria hakiwezi kuandikwa kwenye cheti chochote. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na sheria ya vyama vya ushirika ya jumuiya hiyo inatumika hapa. Andikisheni ushirika kwanza. Tunzeni risiti za kila mfuko wa saruji kwa jina la ushirika, si la katibu. Daftari la kodi liwe na nakala kwenu, lenye sahihi ya msimamizi kila msimu. Gharama ya mwanasheria iwekeni kwenye bajeti pamoja na bomba na nyaya. Mkikosa pesa ya vyote viwili, bomba ndilo lingoje.

Mimi kuanzia msimu huu sifungi tena mashine kwenye shamba la kukodi kabla sijaona makubaliano hayo yakiwa na muhuri wa msajili. Mafundi wenzangu wa Likasi na Kambove, nawaomba mfanye vivyo hivyo.